Kwa anayehama au mnadani? Ulinganisho kwa anayeanza kuuza vitu vilivyotumika

Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye mtaji mdogo anayetaka kununua vitu vilivyotumika na kuviuza tena kwa faida, kuna njia mbili zinazotajwa kila mara. Ya kwanza ni kumfuata mtu anayehama: familia inaondoka nchini, au inahamia mkoani, au mzee amefariki na watoto wanafunga nyumba, na vitu vinauzwa uani au sebuleni kwa siku moja mbili. Ya pili ni mnada, na hapa sizungumzii ule wa Msalato, Dodoma, wa mbuzi na nyama choma, nazungumzia mnada wa nyundo: wa serikali, wa forodha, au wa dalali wa mahakama.

Nafanya zote mbili, na msimamo wangu nautoa mapema. Anayeanza aanzie kwa anayehama. Si kwamba bei za huko ni ndogo siku zote. Mara nyingi mnada una bei ndogo zaidi kwa macho. Ni kwamba kwa anayehama unaruhusiwa kuchomeka friji kwenye umeme kabla hujatoa pesa. Karibu kila tofauti nitakayoeleza hapa chini inatokana na hilo.

Bei rahisi inatoka wapi

Kitu kikiuzwa chini ya thamani yake, lazima kuna sababu, na mnunuzi asiyeijua sababu ndiye anayepigwa.

Kwa anayehama sababu ni muda. Tiketi ya ndege imeshakatwa, mwenye nyumba anataka funguo, kontena la mizigo limejaa. Kochi la watu watatu ambalo wiki tatu kabla ya safari lilikuwa "bei ya mwisho laki nne", siku mbili kabla ya safari linaweza kutoka kwa laki moja na nusu, na mwenyewe akakushukuru kwa kumwondolea. Ubora wa kochi ni ule ule. Aliyebadilika ni muuzaji. Faida yako hapo inatokana na haraka yake, wala huhitaji kumzidi mtu ujuzi.

Mnadani mambo ni tofauti. Anayeuza hana haraka ya namna hiyo, na mara nyingi ameshapangiwa bei ya chini ambayo hawezi kuishusha. Bei inapandishwa na watu waliosimama pale na wewe, na kitu kinakwenda kwa yule aliyekithamini kuliko wote. Fikiria maana yake. Kama mmegombea Land Cruiser chakavu wewe na mafundi magari watano wa mtaa wa Gerezani, na wote watano wakanyamaza wewe ukaendelea, basi watu watano wanaoijua injini ile kuliko wewe wameona haifiki bei uliyotaja. Kushinda kwenyewe kunakupa habari mbaya. Kwa anayehama hilo halipo, kwa sababu mara nyingi mko wawili tu, wewe na mwenye kitu, na anayepima thamani ya sokoni ni wewe.

Ndiyo maana mnada unamlipa mwenye ujuzi wa kitu kimoja. Fundi wa jenereta anayenunua jenereta mbovu mnadani anajua anachokifanya. Mtu wa "nitanunua chochote kitakachokuwa rahisi" anakwenda kuwalipia wenzake gharama ya mnada.

Kwa anayehama: msimu, mlango na ukaguzi

Msimu mkubwa ni Juni. Shule za kimataifa hufunga mwaka wa masomo mwezi huo, na wazazi wenye mikataba iliyokwisha huondoka na watoto wao, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Mei matangazo ya Masaki, Oysterbay, Msasani na Mikocheni humiminika kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Nairobi ni hivyo hivyo Gigiri, Runda na Kileleshwa, walikojaa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa na balozi. Desemba kuna msimu mdogo. Nje ya wageni kuna wetu wenyewe: tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kuna watumishi wanaopiga hesabu ya lori la kilomita kama 450 na kuona bora wauze kabati hapa wakanunue jingine kule.

Tangazo likishafika kwenye grupu la watu mia mbili umechelewa. Wanaojua kwanza ni mlinzi wa geti, dada wa kazi, dereva na fundi bustani. Wasalimie kama watu, acha namba yako, na wakikuletea kazi uwape chao bila kukumbushwa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: bosi anayeondoka huwagawia wafanyakazi wake vitu, na mara nyingi dada anapewa friji kubwa ambayo haiwezi hata kupita kwenye mlango wa chumba chake Tandale. Anataka pesa, hataki friji. Huyo mlipe bei ile ile ambayo ungempa bosi wake. Nimeona wanunuzi wanaompa mama wa watu nusu kwa sababu hajui bei, na naliona hilo ni dhuluma hata kama kisheria hakuna kesi. Isitoshe, dada wale wanajuana mtaa mzima.

Ukishaingia ndani, jambo la kwanza ni kusoma kibandiko cha umeme, kabla hata ya kuuliza bei. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Wamarekani wengi huja na vyombo vyao kutoka kwao, ambako umeme ni volti 120 na hezi 60. Geuza mashine ya kusagia, mashine ya kahawa, mashine ya kufulia, utafute maandishi hayo nyuma au chini. Ikiandikwa "100–240V", kama chaja nyingi za kompyuta, haina shida, utabadilisha plagi tu. Ikiandikwa "120V 60Hz" itahitaji transfoma, na kama ndani yake kuna mota kubwa, transfoma inarekebisha volti lakini hairekebishi hezi. Mota itazunguka taratibu kuliko ilivyokusudiwa na kupata joto. Mteja wa Sinza hataki transfoma jikoni kwake. Kitu cha namna hiyo nakiacha hata kwa bei ya bure. Upande wa pili, vitu vya Mwingereza ni raha tupu: volti ni zetu, hezi ni zetu, na plagi ya pini tatu za bapa ni ile ile ya ukutani kwako. Hiyo ni sababu moja ya "used za Uingereza" kuwa na soko Zanzibar na bara.

Friji ndiyo inayouzika haraka kuliko vyote, kwa hiyo niieleze kwa kirefu. Omba izimwe mapema, baridi yake iwe imekwisha kabla hujafika, kisha iwashwe ukiwepo. Sikiliza kompresa ikianza: iwake kwa mngurumo mmoja uliotulia. Ikijaribu, ikakata kwa "tik", ikajaribu tena, ondoka. Baada ya dakika kumi na tano hivi, gusa ukuta wa ndani wa friza. Uwe na baridi inayoanza kunasa kidole. Wakati unasubiri, chukua noti, ibane kwenye mlango uliofungwa, uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea, na friji hiyo itakula umeme. Rudia pande zote nne. Mpira unabadilishwa na gharama yake si kubwa, kwa hiyo hiyo ni hoja ya kushusha bei, si ya kukataa mzigo. Kutu nyuma chini, karibu na kompresa, ni hoja nzito zaidi. Kama ni ya zamani sana na kibandiko kinaonyesha gesi R12, iache: gesi hiyo iliondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu ozoni, na ikivuja hutapata ya kujaza. Wakati wa kuisafirisha isimame wima. Ikilazimika kulazwa kwenye kirikuu (gari dogo la mizigo), ikifika isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Kiyoyozi kina mtego wake. Mashine yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ikafia mikononi mwa fundi anayeifungua. Fundi anayejua hukusanya kwanza gesi yote kwenye mashine ya nje, anafunga vali, ndipo anakata mabomba. Asiyejua anafungua nati na gesi inaishia hewani, na kuijaza upya ni gharama yako. Nenda na fundi wako.

Kochi na kitanda: pindua. Kunguni hukaa kwenye mishono na kwenye maungio ya mbao, na alama yao ni vidoti vyeusi kama wino wa kalamu. Ukiviona vichache, usijidanganye kwamba utapulizia dawa. Utaingiza kunguni kwenye stoo yako, na kutoka stoo watakwenda na kila kitu unachouza, na jina lako litakwenda nao. Mbao nazo zitazame chini, si juu. Mninga na mkongo ni nzito na uso wa chini unaonyesha nyuzi za mti. Ubao wa unga wa mbao uliobandikwa sura ya mninga huvimba kwenye miguu pale maji ya kudekia yalipofika. Tofauti ya bei kati ya viwili hivi ni kubwa mno, na wageni wengi wanaouza hawaijui. Kabati la mninga lililotengenezewa Keko huuzwa na mgeni kama "kabati la kahawia".

Simu na kompyuta mpakato nikiwa kwa mtu nazikagua kwa dakika tano. Simu: bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama modeli inayorudi ndiyo iliyo mkononi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia Juni 2016. Kama ni iPhone, muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako. Akisema "nitakutumia nywila baadaye", basi baadaye hiyo hiyo ndiyo umlipe.

Mnadani: aina tatu, tabia tatu

Minada haifanani, na kosa la matangazo mengi ni kuichanganya pamoja.

Mnada wa serikali wa magari na vifaa chakavu ndio ulio wazi kuliko yote, kwa sababu masharti yanachapishwa. Ya kawaida ni haya: vitu vinauzwa kama vilivyo na mahali vilipo, anayeshinda analipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 ya bei, salio anamaliza ndani ya siku 14, akishindwa amana inapotea na kitu kinauzwa kwa mwingine, na baada ya kumaliza malipo ana siku 7 za kukiondoa. Ruhusa ya kuangalia hutolewa siku chache kabla. Soma maneno hayo ukiwa na kalamu. "Kama kilivyo" maana yake ukikuta giaboksi haina kitu ndani, hakuna wa kumlalamikia. "Mahali kilipo" maana yake gari lisilowaka likiwa Mpwapwa, gharama ya kulitoa Mpwapwa ni yako. Na amana ya asilimia 25 ndiyo inayowaumiza wenye mtaji mwembamba: wanashinda kwa pesa waliyonayo, wanategemea kuuza kitu kingine wamalizie salio, siku 14 zinakwisha.

Mnada wa forodha unavutia kwa sababu ya neno "bandarini". Utaratibu wake unatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na ni mmoja kwa Dar es Salaam na Mombasa. Mzigo usioondolewa taratibu zake ndani ya siku 21 unaweza kupelekwa ghala la forodha. Ukikaa huko siku 30 hutolewa notisi, na baada ya siku nyingine 30 huhesabiwa umetelekezwa na kuuzwa. Kenya orodha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na ni usomaji mzuri hata kwa asiyenunua. Watu wanasema "vitu vya bandarini ni bei ya kutupa". Si kweli, na sheria yenyewe inaonyesha kwa nini: pesa ya mauzo inatakiwa kwanza ilipe ushuru, kisha gharama za mnada, kodi ya ghala na tozo nyingine. Kwa hiyo bei ya kuanzia haipangwi kwa huruma. Nafuu yake ipo kwa mwenye mtaji mkubwa anayeweza kubeba nusu kontena la kitu kimoja, tuseme matairi au vigae, na mwenye wateja wa jumla tayari. Kwa anayeanza, loti, yaani fungu linalouzwa kwa pamoja, ni kubwa mno.

Mnada wa dalali wa mahakama au wa benki unauza mali iliyokamatwa kwa deni: magari, mashine za saluni, samani za hoteli, friji za baa. Bei zinaweza kuwa nzuri. Tatizo ni kwamba mwenye mali yuko hai, ana hasira, na wakati mwingine ana wakili. Mdaiwa anaweza kupata amri ya kusimamisha, au mtu wa tatu akajitokeza kusema friji lile lilikuwa lake, hakuwahi kudaiwa. Kabla ya kupandisha bei, uliza amri ya mahakama au hati ya mkopo inayompa dalali mamlaka, na angalia kama orodha ya vitu kwenye hati inalingana na vilivyo mbele yako. Dalali halali haoni aibu kukuonyesha.

Siku yenyewe ya mnada ina joto lake. Dalali anaimba bei, watu wanapandisha kwa kunyoosha kidole au kwa kukonyeza tu, "mara ya kwanza, mara ya pili", na mkono wako unataka kunyanyuka wenyewe. Mauzo hukamilika nyundo inapoanguka. Kabla ya hapo unaweza kuondoa bei yako, baada ya hapo umenunua. Wapo wanunuzi wazoefu waliokubaliana kutoshindana, mmoja anunue kisha wagawane pembeni, na wakiona uso mpya wanaweza kuusukuma bei ipande ili ujifunze kukaa nyumbani. Dawa ni kuandika bei yako ya juu kabisa kwenye karatasi siku ya ukaguzi, ukiwa peke yako na akili yako imetulia, na kutoizidi hata kwa shilingi elfu kumi. Bei hiyo inapatikana kwa kuanzia mwisho: utauza kwa ngapi kwa uhakika, toa usafiri, toa matengenezo, toa kodi na usajili, toa faida yako. Kinachobaki ndicho unachoweza kutoa.

Tuweke hesabu pamoja

Hesabu hizi ni za mfano. Weka bei za mtaa wako.

Friji kwa anayehama: ununue laki tatu na nusu, kirikuu elfu arobaini, mpira na usafi elfu thelathini. Imekula 420,000. Uiuze 550,000. Faida ni 130,000, kama asilimia 31 ya pesa uliyotia, na friji iliyopigwa picha vizuri mchana kwenye mwanga haichukui muda mrefu kuondoka.

Loti ya kompyuta 20 za ofisi mnadani: milioni mbili, yaani laki moja kila moja. Nyingi zimetolewa diski, kwa sababu ofisi haiwezi kuuza kumbukumbu zake. Usafiri 80,000, diski, chaja na fundi 300,000. Imekula 2,380,000. Tuseme nzima unauza 220,000 na mbovu unaitoa vipuri kwa 25,000. Zikifufuka 12, utapata 2,840,000, faida ya 460,000, asilimia 19. Zikifufuka 15, utapata 3,425,000, faida zaidi ya milioni moja, asilimia 44. Zikifufuka 9, utapata 2,255,000 na umepoteza 125,000 pamoja na wiki za kazi.

Angalia kilichobadilika kati ya mistari hiyo mitatu: si bei ya kununua, ni idadi ya zinazowaka, na hiyo ndiyo hasa usiyoruhusiwa kuijua siku ya ukaguzi, kwa sababu hakuna umeme pale uwanjani na hakuna diski ndani. Fundi wa kompyuta anaweza kukisia vizuri kwa kuangalia modeli, kutu ya soketi, betri iliyovimba. Wewe na mimi tunabahatisha. Kwenye friji ya Masaki hakuna cha kubahatisha, umeigusa ikiganda.

Lakini niwe mkweli kuhusu upande wa pili: friji moja ya faida ya 130,000 haikuzi. Lazima upate nyingine, na nyingine, na kila moja ina safari yake ya kuvuka foleni ya Bagamoyo Road, majadiliano yake, na mwenye nyumba anayekwambia "mume wangu amesema tusubiri". Kwa anayehama unalipwa kwa miguu yako. Mnada mmoja mzuri unaweza kukupa mzigo wa mwezi mzima kwa asubuhi moja. Ndiyo maana wanaokua huishia mnadani.

Karatasi

Hapa mnada unashinda, isipokuwa kwenye magari. Mnadani unapata risiti na hati ya mauzo, na polisi akikusimamisha na televisheni sita kwenye gari una cha kumwonyesha. Kwa mtu binafsi hupati kitu usipoomba. Andika hati fupi ya mauziano: kitu, namba yake ya utambulisho kama ipo, bei, tarehe, sahihi, namba ya kitambulisho cha NIDA au pasipoti, na picha yako na yake mkiwa na kitu. Anayekataa kuandika jina lake kwenye televisheni "yake" amekujibu swali. Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na karatasi hiyo ndiyo utetezi wako wa kwanza.

Gari ni habari nyingine. Mwanadiplomasia au mfanyakazi wa shirika lenye msamaha wa kodi akikuuzia gari lake, msamaha ulikuwa wake, haukuwa wa gari. Likienda kwa asiye na msamaha, ushuru unadaiwa, na kama hamkukubaliana nani analipa, utalipa wewe. Gari la mnadani nalo linaweza kuwa na kodi juu ya mnunuzi au kadi ya usajili isiyokuwepo. Soma tangazo, na linganisha namba ya chesisi na kadi kwa macho yako.

Na robota?

Wengi wataniuliza kuhusu mitumba ya nguo, kwa kuwa ndiyo biashara ya vitu vilivyotumika inayojulikana kuliko zote, Karume kwa Dar na Gikomba kwa Nairobi. Nitapita haraka. Robota la kilo 45 lina tabia ya mnada: limefungwa, unanunua kwa daraja lililoandikwa nje, na unayakuta ya ndani ukishalipa. Gikomba zile za kwanza kuchaguliwa huitwa kamera na za mwisho fagia, na faida yote iko kwenye uwiano wa hizo mbili. Tofauti na mnada ni kwamba muuza marobota yupo kesho, ana duka, na akikuuzia fagia mara mbili hutarudi kwake. Kwa anayeanza na nguo, bora aamkie sokoni alfajiri akachague moja moja robota linapofunguliwa. Inagharimu zaidi kwa kipande, lakini anachagua kwa macho.

Nani aende wapi

Mwenye laki tatu hadi milioni moja, asiye na fundi wala stoo: kwa anayehama, bila kusita. Aanze na vitu vinavyobebeka na visivyo na umeme, kama vyombo vizuri vya jikoni, meza ndogo za mninga, baiskeli za watoto, viti vya gari vya watoto, kisha aingie kwenye friji akishajua bei za mtaa wake.

Mwenye ufundi wa kitu kimoja na pahala pa kukifanyia kazi, hata mtaji ukiwa wa kawaida: mnada wa serikali, na kitu chake hicho kimoja tu. Fundi cherehani atazame cherehani za vyuo vilivyofungwa, asigeuke kuangalia pikipiki.

Mwenye milioni kumi na kuendelea, wateja wa jumla na ghala: forodha inaweza kumfaa, akiwa na wakala wa kumsomea masharti.

Wa katikati, mwenye milioni mbili tatu na hamu ya kujaribu mnada, ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu ndiye anayeumia. Huyo asimamishe hamu ahudhurie kwanza minada kadhaa bila kununua. Aende siku ya ukaguzi, achague loti tano, aandike kwenye daftari bei ya juu ambayo angetoa kwa kila moja. Siku ya mnada asimame nyuma, aandike bei nyundo ilipoangukia. Loti zinazokwenda juu sana ya makadirio yake ni za watu wenye ujuzi au wateja asiokuwa nao, na aziondoe kichwani. Zile zinazoangukia chini ya makadirio yake mara kwa mara, azifuatilie: amtafute aliyenunua, amwombe kiungwana ajue zilifanyaje kazi baada ya kufika nyumbani. Wanunuzi wengi hupenda kusimulia. Loti ambayo imeangukia chini ya bei yake na imewaka nyumbani kwa mwenzake ndiyo ya kunyanyulia mkono mnada unaofuata.